Mwinamo salama wa konveya ya nafaka: kwa nini nyuzi 15 ni nyingi mno

Ndugu msomaji,

Umeeleza kwamba unasimamia ujenzi wa konveya ya mkanda laini wa mpira, yaani usio na mbavu, itakayopandisha mahindi yaliyopukuchuliwa, ngano na mara chache soya kutoka kwenye shimo la kupokelea hadi juu ya silo. Kimo cha kupanda ni mita 12, uwezo unaotakiwa ni tani 100 kwa saa, na nafasi iliyopo chini ni mita 45 tu. Mkandarasi amekuambia kuwa mikanda ya mpira hupandisha mizigo hadi nyuzi 18 au 20, kwa hiyo nyuzi 15 zinazotoshea kwenye nafasi yako ni salama kabisa. Nawe umeona jedwali linalotaja nyuzi 10 kwa mahindi, na unauliza ni nani kati yao anayesema kweli, na ufanye nini ikiwa mkandarasi amekosea.

Kwa mkanda laini na kwa nafaka hizo tatu, nyuzi 15 si salama, na ningekushauri usivuke nyuzi 10. Hata hivyo mkandarasi wako hakudanganya, ila alichukua takwimu ya mzigo mwingine. Nyuzi 18 ni takwimu ya kawaida kwa makaa ya mawe na mizigo ya aina hiyo, ambayo vipande vyake vina kona, hushikana vyenyewe kwa vyenyewe na kukaa kwenye mkanda kama kifusi. Punje ya ngano ina ganda laini na ni karibu ya mviringo, na soya iliyosafishwa ni gololi ndogo. Majedwali ya CEMA, jumuiya ya watengenezaji wa konveya ya Marekani, ambayo wahandisi wengi huyatumia, huweka ngano kwenye nyuzi 12, mahindi yaliyopukuchuliwa kwenye nyuzi 10 na mchele kwenye nyuzi 8. Kwa soya utaona nyuzi 12 hadi 16. Mimi siiamini takwimu hiyo ya juu kwa soya kavu iliyochekechwa, na nitaeleza sababu.

Wengi wanaosoma jedwali hilo hudhani limetiwa woga kupita kiasi, kwa kuwa ukiweka ngano juu ya kipande cha mkanda na kukiinua polepole, haitelezi mpaka ufike nyuzi 20 na zaidi. Jaribio hilo ni la kweli na ninalipendekeza. Chukua kipande cha mkanda uleule utakaonunua, kifunge juu ya ubao, weka juu yake fremu ya mbao isiyo na kitako, ijaze nafaka kwa kina cha sentimita 10, kisha inyanyue fremu kiasi kidogo ili isiguse mkanda, uanze kuinua ubao upande mmoja. Tuseme nafaka yako inateleza kwenye nyuzi 22. Maana yake ni kwamba nguvu ya msuguano ni 0.4 ya uzito unaoukandamiza mkanda, kwa sababu tanjenti ya nyuzi 22 ni 0.4. Kosa hutokea pale mtu anapochukua hizo nyuzi 22, akapunguza kidogo kwa tahadhari, akachora konveya ya nyuzi 18. Ubao wako ulikuwa umenyooka, umetulia na ni safi, ilhali mkanda unaofanya kazi hauna hata moja kati ya sifa hizo tatu.

Kwanza, mkanda haujanyooka. Kati ya rola na rola, yaani magurudumu yanayoubeba, hubonyea kwa uzito wa mzigo, na mafundi wengi huruhusu kubonyea kwa asilimia 2 ya umbali kati ya rola, yaani milimita 24 ikiwa rola zimeachana kwa mita 1.2. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini mkanda uliobonyea huchukua umbo la parabola, na mwinamo wake kwenye ncha ni mara nne ya uwiano huo, yaani 0.08, ambayo ni nyuzi 4.6. Kwa hiyo kila mara nafaka inapokaribia rola iliyo mbele yake, inapanda mlima mkali kuliko ule uliochorwa kwa nyuzi 4.6. Konveya iliyoandikwa nyuzi 15 ina vilima vya karibu nyuzi 20, kimoja kwa kila rola, na katika safari moja ya kupanda nafaka hukutana navyo makumi ya mara. Tuta la nafaka haliporomoki lote kwenye kilima kimoja, kwa sababu sehemu iliyo nyuma yake iko kwenye mwinamo mdogo na hulishikilia, lakini akiba ya msuguano imekwisha kuliwa hapo.

Pili, mkanda haukutulia. Wakati wa kuwasha konveya iliyojaa, mkanda lazima uivute nafaka iongeze kasi, na nguvu hiyo hutoka kwenye msuguano uleule unaozuia kuteleza. Mchapuko wa mita 0.3 kwa sekunde kwa sekunde, ambao si mkali, unalingana na kuongeza mwinamo kwa nyuzi 1.7. Kusimama kwa ghafla hakuna hatari hiyo, kwa kuwa nafaka hubaki na msukumo wa kuelekea juu. Kwa hiyo wakati wa kuogopa ni ule wa kuwasha tena, na ndiyo maana konveya inaweza kufanya kazi msimu mzima bila kosa, kisha ikamwaga nafaka siku ya kwanza umeme unapokatika katikati ya kazi.

Tatu, mkanda si safi. Vumbi la nafaka na pumba laini hufanya kazi ya poda ya kulainisha kati ya punje na mpira. Rudia jaribio la ubao baada ya kuusugua mkanda kwa vumbi lililokusanywa kutoka kwenye mashine ya kuchekecha, na usishangae nyuzi 22 zikishuka hadi 18 au 17. Chukua namba ndogo kuliko zote ulizopata, kwa nafaka iliyo laini kuliko zote utakazopitisha.

Sasa fanya hesabu ya kutoa. Kutoka nyuzi 22, toa 4.6 za kubonyea, toa 1.7 za kuwasha, toa 4 za vumbi na mtikisiko, zinabaki 11.7, ambazo ziko karibu kabisa na nyuzi 12 za ngano zilizo kwenye jedwali. Jedwali halikukadiria kwa woga, bali limekwisha kutoa makato ambayo ubao wako hauyaoni. Hesabu hii pia inakuonyesha mahali ambapo nyuzi zinaweza kununuliwa kwa halali. Ukisogeza rola karibu na kukaza mkanda hadi ubonyee kwa asilimia 1 tu, makato ya kwanza hushuka kutoka 4.6 hadi 2.3. Ukiweka kidhibiti cha kasi kinachowasha mota taratibu, kwa mchapuko wa 0.1, makato ya pili hushuka hadi nyuzi 0.6. Umepata zaidi ya nyuzi 3, na kwa konveya ya ngano peke yake ningeweza kukubali nyuzi 13 au 14 zilizosimamiwa hivyo, mradi mwenye kiwanda anaelewa kwamba mkanda ukilegea kwa uzee nyuzi hizo zitarudi alikozitoa.

Hata hivyo wewe una soya, na soya huharibu hesabu yote hiyo, kwa kuwa nafaka huweza kurudi chini kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile niliyoieleza, ambapo tuta zima linateleza juu ya mpira. Njia ya pili ni ya punje za juu kubingirika juu ya wenzake huku tuta la chini likiendelea kupanda vizuri. Kukaza mkanda hakuwezi kuzuia njia hiyo, wala mpira wenye msuguano mkubwa zaidi, kwa sababu punje zinazobingirika haziugusi mpira. Kipimo kinachohusika hapa ni pembe ya lundo, yaani mwinamo wa pembeni wa lundo lililomiminwa taratibu kwenye sakafu. Pima kimo cha lundo na nusu ya upana wake: lundo la kimo cha sentimita 30 na nusu upana wa sentimita 60 lina pembe ya nyuzi 26.6. Ukilitikisa lundo hilo hulala zaidi, na mkanda unaopita juu ya rola unalitikisa bila kupumzika. Kwa hiyo mwinamo wa konveya kwa nafaka zinazobingirika huwa karibu nusu ya pembe ya lundo, au pungufu kidogo. Njegere kavu, mtama na soya zinaangukia hapa. Nimewahi kuitwa kwenye konveya ya nyuzi 16 iliyokuwa imepandisha mahindi yenye unyevunyevu kwa miezi bila malalamiko. Siku walipopitisha soya kavu, punje zilikuwa zikishuka katikati ya mkanda kama kijito, zikajaza sehemu ya kupakilia na kuizika puli ya mkia, yaani gurudumu la mkanda lililo mwisho wa chini. Kwa hiyo hoja ya kwamba konveya ya jirani inafanya kazi kwa nyuzi 15 haina uzito mpaka tujue inabeba nini, ikiwa na unyevu gani.

Sehemu ya kupakilia inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa kuwa ndipo konveya nyingi zenye mwinamo mkali huanza kushindwa. Nafaka inayoanguka wima kutoka kwenye hopa, yaani chombo cha kumiminia nafaka, haina kasi ya kwenda mbele. Mkanda unaisugua mpaka kasi zao zilingane, na katika muda huo nafaka inateleza kwa lazima. Umbali wa kuteleza unategemea msuguano unaobaki baada ya mwinamo kuchukua sehemu yake. Chukua mkanda wa kasi ya mita 2.5 kwa sekunde na msuguano wa 0.4. Kwenye mkanda ulio mlalo nafaka hulingana na mkanda baada ya mita 0.8, na kwenye nyuzi 12 baada ya mita 1.7. Kwenye nyuzi 15 zinahitajika mita 2.5, na kwenye nyuzi 18 ni mita 4.5. Sasa shusha msuguano hadi 0.3 kwa sababu ya vumbi. Kwenye nyuzi 15 utahitaji zaidi ya mita 10, na kwenye nyuzi 18 nafaka haitapata kasi ya mkanda kamwe. Itachemka palepale chini ya hopa mpaka ifurike kando. Hakuna kingo za mpira utakazofunga pembeni zitakazotibu jambo hilo, na kadiri unavyozirefusha ndivyo zinavyousugua mkanda na kuupa moto.

Dawa mbili hufanya kazi. Ya kwanza ni kuielekeza nafaka kwa mfereji uliopinda ili ifike kwenye mkanda ikiwa tayari inakwenda upande uleule. Ikifika na nusu ya kasi ya mkanda, umbali inaoteleza juu ya mpira wenyewe hupungua hadi robo, ingawa urefu wa konveya unaohitajika mpaka kasi zilingane hupungua hadi robo tatu tu. Ya pili ni kupakia kwenye kipande kilicho mlalo, kisha kupanda kwa mkunjo. Dawa hii ya pili ni nzuri lakini inakula nafasi kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu mkanda mtupu uliokazwa hutaka kunyooka na kunyanyuka kutoka kwenye rola pale unapopinda kuelekea juu. Nusu kipenyo cha mkunjo hakipaswi kuwa kidogo kuliko mvuto wa mkanda, yaani nguvu inayoukaza, ukigawanywa kwa uzito wake kwa mita. Mkanda wa kilo 6 kwa mita, wenye mvuto wa kilonewtoni 3 wakati wa kuwasha, unataka nusu kipenyo cha mita 51. Kupanda kutoka mlalo hadi nyuzi 10 kwa mkunjo huo kunachukua karibu mita 9 za mkanda, kabla hujaanza kupanda kwa mwinamo kamili.

Kuhusu uwezo, mwinamo wenyewe hupunguza kiasi kinachobebeka, kwa sababu tuta linalolala nyuma lina kimo kidogo zaidi. Kwa nyuzi 10 hesabu karibu 0.95 ya uwezo wa mkanda mlalo, kwa nyuzi 16 karibu 0.89, na kwa nyuzi 18 karibu 0.85. Kwa upande wa nguvu za umeme mwinamo hauna faida wala hasara kubwa: kupandisha tani 100 kwa saa kwa mita 12 kunataka kilowati 3.3 kwa ajili ya kimo peke yake, ukipanda kwa mwinamo wowote, na msuguano wa rola huongezeka juu yake.

Jambo ambalo mkandarasi hakulitaja katika maelezo uliyonitumia ni kizuizi cha kurudi nyuma. Wengi hudhani kinahitajika kwa miinamo mikali tu. Kwa tani 100 kwa saa na mita 2.5 kwa sekunde, kila mita ya mkanda wako ina kilo 11 za nafaka, na kwa mwinamo wa nyuzi 10 mkanda unaopanda una urefu wa mita 69. Umeme ukikatika, karibu kilo 770 za nafaka zinaning'inia juu ya mteremko. Uzito wa mkanda wenyewe unajisawazisha, upande unaopanda na upande unaorudi, lakini nafaka inavuta chini kwa kilonewtoni 1.3, na msuguano wa rola zilizo nzima hautoshi kuzuia hata nusu ya nguvu hiyo. Mkanda utarudi nyuma, utaongeza kasi, na utamwaga kila kitu kwenye puli ya mkia ambako huenda mtu anafagia. Kwa hiyo hata kwenye nyuzi 10, hata kwenye nyuzi 6, funga kizuizi kwenye mhimili wa puli ya kichwa au ndani ya giaboksi, wala usitegemee breki ya mota peke yake.

Sasa turudi kwenye mita 45 zako. Kupanda mita 12 kwa nyuzi 10 kunahitaji mita 68 za ardhi, kwa nyuzi 12 mita 56 na nusu, na kwa nyuzi 15 mita 44.8. Naona wazi jinsi namba hiyo ya mwisho ilivyopatikana: nafasi ndiyo iliyochagua mwinamo, na nafaka haikuulizwa. Tena mita 44.8 haziachi hata hatua moja kwa hopa, puli ya mkia na njia ya fundi.

Ningekuwa mimi, ningetumia elevata ya ndoo, yaani mkanda wa wima wenye ndoo zinazochota nafaka, kwa kimo chote, na konveya za mlalo chini na juu yake. Inapanda wima, haijali kama punje ni gololi, na mita 45 zitakuwa nyingi. Ina madai yake: sanduku lake lililofungwa ndipo wingu la vumbi hujikusanya, kwa hiyo inahitaji kihisi cha kasi kinachozima mota mkanda ukiteleza, kihisi cha mkanda kwenda upande, vipimo vya joto kwenye beringi, na matundu ya kutolea mlipuko kwenye eneo salama. Pia huacha nafaka chini kabisa kwenye kitako chake, jambo la kuangalia ikiwa unabadilisha aina mara kwa mara.

Kama elevata haiwezekani, panda kwa konveya mbili zinazopishana, ya pili ikirudi juu ya ya kwanza. Ukihesabu mita 1.5 zinazopotea kwenye makutano yao, kila moja inapanda mita 6.75, ambazo kwa nyuzi 10 zinataka mita 38 za ardhi. Inatoshea, lakini haiachi nafasi ya kipande cha mlalo chenye mkunjo. Utapakia kwenye mwinamo uleule, kwa hiyo mfereji uliopinda niliouzungumzia hautakuwa hiari tena. Gharama nyingine ni kwamba mahindi yaliyokaushwa kwa moto hupasuka zaidi kwa kila anguko.

Mkanda wenye mbavu za umbo la V utapanda nyuzi 15 bila shida, na utasikia ukisifiwa. Siukatai kwa konveya fupi ya kuhamishika. Kwa konveya ya kudumu naukwepa, kwa sababu kikwangua cha kawaida hakiwezi kuusafisha; vumbi na punje hubaki kati ya mbavu, huanguka njia nzima upande wa kurudi, na soya ya jana hupatikana ndani ya ngano ya leo. Vumbi linalolala chini ya konveya pia ni chakula cha moto. Mkanda wowote utakaochagua, dai uwe na vipimo vya kupitisha umeme tuli kwa kiwango cha ISO 284 na vya kutoshika moto kwa kiwango cha ISO 340, na uufunike dhidi ya mvua na upepo, kwa kuwa mkanda uliolowa hupoteza msuguano kuliko hata wenye vumbi.

Kabla ya kuipokea kazi, dai jaribio moja kwa maandishi katika mkataba. Konveya ijazwe soya kavu kwa uwezo wake kamili, izimwe ikiwa imejaa, iachwe robo saa, kisha iwashwe tena bila kupunguzwa hata kilo moja, mara tatu mfululizo. Weka alama ya chaki kwenye ukingo wa mkanda na konzi ya punje zilizopakwa rangi juu ya tuta sambamba nayo, kisha simama nje ya uzio na uangalie konveya inapoanza kwenda. Punje zenye rangi zikifika kichwani pamoja na chaki, mwinamo wako ni salama. Zikichelewa kidogo, anza kwa kuangalia mkazo wa mkanda na muda wa kuwasha mota. Zikibingirika kurudi nyuma wakati chaki inaendelea kupanda, usikubali kupunguziwa uwezo kama suluhisho, kwa sababu tuta dogo lina punje za juu pia.